Chakula cha Shuleni na Mahudhurio ya Watoto

Kila mwaka baada ya mavuno shule nyingi za vijijini huitisha mkutano wa wazazi. Katika mkutano huo ajenda moja hairukwi: mchango wa mahindi na maharage kwa ajili ya chakula cha wanafunzi. Wapo wazazi wanaounga mkono mara moja. Wapo wanaonung'unika chini chini. Na wapo wanaosimama na kusema wazi: "Elimu si ni bure? Sisi tulisoma bila uji, mbona tulifaulu?"

Swali hilo lisidharauliwe. Linahitaji jibu lenye maelezo, si kukemewa. Mwezi huu ukurasa wetu wa afya utajaribu kulijibu. Tutazame njaa inafanya nini katika mwili wa mtoto, chakula kinachogawiwa shuleni bure kimeonekana kuleta nini katika mahudhurio, na ni mambo gani yanayoweza kukiharibu chakula hicho hata kikawa sababu ya mtoto kukimbia shule.

Kwanza tuseme neno kwa wale wanaosema walisoma bila uji. Ni kweli, wengi tulisoma hivyo. Lakini tukumbuke kwamba wanaosema hivyo ni wale waliovumilia mpaka wakamaliza. Wenzao walioshindwa njiani, wakaacha shule darasa la tatu au la nne, hawasimami mkutanoni kueleza kwa nini waliacha. Tukitaka kujua njaa imetupotezea watoto wangapi, tuwahesabu na hao.

NJAA INAFANYA NINI MWILINI

Ubongo hufanya kazi mchana na usiku, na chakula chake kikubwa ni sukari iliyomo katika damu. Sukari hii hatuisemi kwa maana ya sukari ya dukani. Ni ile mwili unayoitengeneza kutokana na ugali, uji, viazi, ndizi na vyakula vingine. Kwa mtoto wa miaka mitano hivi, ubongo peke yake hutumia zaidi ya theluthi moja ya nguvu yote anayoipata kwa siku. Mtu mzima hatumii kiasi hicho.

Usiku tunapolala, ini hutoa sukari kidogo kidogo kutoka katika akiba yake. Akiba ya mtoto ni ndogo kuliko ya mtu mzima. Sasa fikiri juu ya mtoto aliyekula ugali saa moja jioni, akaamka saa kumi na moja alfajiri, akachota maji, akatembea kilomita nne kwenda shule bila kutia kitu kinywani. Ifikapo saa nne asubuhi ametimiza saa kumi na tano bila chakula. Mwili wake unaanza kubana matumizi. Anasinzia, kichwa kinamuuma, anakuwa mkali kwa wenzake au anajitenga. Mwalimu anaweza kumwita mvivu au mkaidi, kumbe mwili umezima taa ili kuokoa mafuta.

Hiyo ni njaa ya siku moja. Ipo pia njaa ya muda mrefu, ambayo watu wa afya huiita njaa iliyojificha. Mtoto anashiba ugali kila siku, lakini mwili unakosa madini na vitamini. La kwanza katika hayo ni upungufu wa madini ya chuma, ambayo hutengeneza damu. Mtoto mwenye upungufu wa damu huchoka upesi, hupumua kwa taabu akipanda kilima, na masomo hayamkai kichwani. Mara nyingi huyu ndiye yule anayesema kila Jumatatu asubuhi, "Mama, leo sijisikii vizuri."

KWA NINI MTOTO MWENYE NJAA HUKOSA SHULE

Wazazi wengi hudhani kwamba mtoto hukosa shule kwa sababu ya utukutu tu. Zipo sababu nyingine, na chakula kinagusa nyingi kati ya hizo.

Ya kwanza ni safari ya mchana. Shule isiyokuwa na chakula huwaachia watoto wa kutwa waende nyumbani kula. Anayekaa karibu anakwenda na kurudi. Anayekaa mbali akifika nyumbani hukuta mama bado yuko shambani na jiko ni baridi. Akirudi shule atarudi na njaa ile ile, basi anaona afadhali asirudi. Daftari la asubuhi linaonyesha kwamba alikuwapo. Lakini mwalimu akiita majina tena saa nane mchana atakuta nafasi nyingi wazi. Huu ni utoro wa nusu siku, na kwa mwaka mzima unamla mtoto masomo mengi kuliko siku alizougua.

Ya pili ni kazi ya kujitafutia chakula. Wakati wa njaa, miezi ile kabla ya mavuno, mtoto mkubwa hutumwa kufanya kibarua, kuchunga, kuuza karanga au kubaki na mdogo wake ili mama akahemee. Chakula kikiwapo shuleni, mzazi anaona kwamba kumpeleka mtoto shule ni kupunguza mdomo mmoja nyumbani mchana huo.

Ya tatu inawahusu wasichana. Msichana anayeshinda na njaa ni rahisi kuvutwa na mtu mzima mwenye nia mbaya anayemnunulia chapati na soda njiani. Kosa ni la mtu mzima huyo, wala si la mtoto. Lakini kila anayefanya kazi katika kliniki ya wajawazito anajua mahali ambapo njia hiyo huishia: mimba ya utotoni, magonjwa, na kiti kitupu darasani. Sahani ya chakula shuleni haimalizi hatari hiyo, ila inaondoa chambo kimoja.

Ya nne ni aibu. Mtoto anayetumbo linalonguruma, wakati wenzake wananunua maandazi getini, hujificha. Akijificha mara nyingi, mwishowe haji kabisa.

MAMBO YALIYOPIMWA

Kusema kwamba chakula huleta watoto shuleni ni rahisi. Je, imewahi kupimwa? Ndiyo, na mfano mmoja mzuri uko jirani, magharibi mwa Kenya.

Kuanzia mwaka 2000, katika eneo la Busia na Teso, watafiti walichukua shule 50 za chekechea. Kwa kupiga kura, shule 25 zilipewa uji wa asubuhi bure, na 25 nyingine ziliendelea kama kawaida ili zilinganishwe nazo. Walimu na wazazi hawakuchagua nani apate. Kisha watafiti walikwenda shuleni bila kutoa taarifa, wakaangalia nani yupo na nani hayupo. Waliwahesabu watoto wote wa eneo hilo wenye umri wa chekechea, pamoja na wale ambao hawakuandikishwa kabisa. Katika shule zisizo na uji, siku ya kawaida walikutwa watoto kama 27 katika kila 100. Katika shule zenye uji walikutwa kama 36. Ndiyo kusema, kwa kila watoto tisa waliokuwa wakija, waliongezeka watatu. Waliongezeka wale waliokuwa wakija kwa kusuasua, na waliongezeka pia wale ambao hawakuwa wamekanyaga shule.

Mfano wa pili unatoka India, nchi inayolisha watoto wengi shuleni kuliko nyingine yoyote. Mwaka 1982 jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa nchi hiyo, lilipanua sana mpango wake wa chakula cha mchana. Mwaka 1995 serikali kuu ilianzisha mpango wa nchi nzima, lakini majimbo mengi hayakupika. Yaligawa nafaka kavu, kilo tatu kwa mwezi, na mtoto akapeleka nyumbani. Tarehe 28 Novemba 2001 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamuru kwamba chakula kipikwe na kiliwe shuleni. Katika jimbo la Madhya Pradesh, ambapo mabadiliko hayo yalichunguzwa, mahudhurio ya wasichana wa darasa la kwanza yalipanda kwa zaidi ya wasichana kumi katika kila mia.

Hapa kuna funzo kwetu. Nafaka ya kupeleka nyumbani ni msaada kwa familia, lakini haimvuti mtoto kuja shule leo. Chakula kilichopikwa hakiliwi na mtu asiyekuwapo. Tena sahani anayokula mtoto mwenyewe haigawanywi na watu wanane nyumbani.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1907 katika mji wa Bradford, Uingereza, watoto 40 maskini walilishwa shuleni na kupimwa uzito. Waliongezeka vizuri, lakini shule ilipofungwa kwa mapumziko mafupi walipungua tena. Kwa jirani zetu Kenya, mpango wa kulisha shule za maeneo makame ulianza mwaka 1980 kwa msaada wa Shirika la Chakula Duniani. Mwaka 2009 serikali yao ilianza kununua chakula kwa wakulima wa huko huko, na kufika mwaka 2018 ilikuwa imepokea mzigo wote mikononi mwake. Hata nchi zenye uwezo mkubwa hulisha watoto shuleni. Si jambo la kuonea aibu.

CHAKULA GANI?

Uji mweupe wa mahindi matupu huondoa njaa ya saa mbili au tatu, lakini haujengi damu. Katika wilaya ya Embu, Kenya, kuanzia mwaka 1998 watoto wa darasa la kwanza katika shule 12 walifuatiliwa kwa muda wa miaka miwili. Baadhi walipewa githeri, yaani makande kama tunavyoita sisi, yaliyoongezwa mafuta. Wengine walipewa makande na maziwa, wengine makande yenye nyama kidogo, na wengine hawakupewa chakula shuleni. Waliokula nyama walifanya vizuri zaidi katika mafumbo ya kupima akili, na hata kwenye uwanja wa michezo walikuwa wachangamfu na viongozi wa wenzao. Maziwa yalisaidia hasa watoto waliokuwa wafupi kwa umri wao kuongezeka kimo.

Mzazi atasema, "Nyama ya kila siku tutaitoa wapi?" Hatusemi nyama ya kila siku. Dagaa waliotwangwa vizuri na kutiwa katika makande ni chakula cha namna hiyo hiyo, na kiasi kidogo hutosha sufuria kubwa. Maharage, kunde, choroko na mbaazi hujenga mwili. Mchicha, majani ya maboga, kisamvu na mlenda vina madini ya chuma. Chungwa, embe au pera likiliwa pamoja na chakula husaidia mwili kuyanyonya madini hayo. Chai ya rangi hufanya kinyume: inazuia chuma kuingia mwilini. Kwa hiyo kumpa mtoto chai ya rangi pamoja na maharage ni kutoa kwa mkono wa kulia na kunyang'anya kwa mkono wa kushoto. Na chumvi iwe ile yenye madini joto.

Tusisahau minyoo. Safura hunyonya damu ya mtoto, hivyo chakula kinaingia na damu inatoka. Mwaka 1998 huko huko Busia shule 75 zilianza kupewa dawa za minyoo kwa zamu, na utoro ulipungua kwa robo. Hata watoto ambao hawakumeza dawa walinufaika, maana mayai ya minyoo yalipungua katika udongo. Kwa hiyo siku ya dawa za minyoo mtoto asibaki nyumbani, tena avae viatu na atumie choo.

MAMBO AMBAYO CHAKULA HAKIWEZI

Chakula humleta mtoto darasani. Hakimfundishi kusoma. Katika utafiti wa Busia, alama za mitihani zilipanda tu katika shule ambazo mwalimu alikuwa amefundishwa vizuri kazi yake. Penye mwalimu dhaifu, watoto walikuja wengi zaidi, wakala, lakini hawakujua zaidi. Tena kazi ya kupika na kugawa uji ilikula muda wa vipindi. Kwa hiyo jiko la shule liwe na mpishi wake. Mwalimu asiache ubao akashike mwiko, wala wasichana wa darasa la saba wasitolewe darasani kuchota maji na kuokota kuni za jiko hilo. Chakula kinachomtoa mtoto mmoja darasani ili kumleta mwingine hakina faida.

Jambo la pili: chakula cha shuleni si badala ya chakula cha nyumbani. Wapo wanaofikiri, "Amekula shuleni, basi jioni atalamba kidogo." Mtoto anayepunguziwa jioni hajaongezewa kitu chochote. Amehamishiwa tu sahani.

Jambo la tatu: chakula cha shuleni huja baada ya miaka ile ya kwanza iliyo ya maana kuliko yote. Tangu mimba hadi mtoto atimize miaka miwili ndipo ubongo na kimo hujengwa. Mtoto aliyedumaa katika miaka hiyo hatanyooshwa kabisa na makande ya darasa la kwanza. Akina mama, endeleeni na kliniki, na maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita.

"BURE" MAANA YAKE NINI?

Hapa ndipo penye ugomvi mkubwa, basi tuende taratibu.

Serikali ya Tanzania iliondoa ada ya shule za msingi kuanzia miaka ya 2001 na 2002, na kuanzia Januari 2016 elimu bila malipo ikafika hadi kidato cha nne. Lakini maelekezo yaliyofuata yaliacha chakula cha wanafunzi wa kutwa mikononi mwa wazazi. Wengi hawakulisikia hilo. Walisikia neno "bure" wakafikiri kwamba debe la mahindi nalo limefutwa. Katika shule nyingi sufuria zikakaa tupu. Mwaka 2021 ulizinduliwa mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe shuleni, nao unawataka wazazi na jamii washiriki.

Basi chakula kinachoitwa cha bure kina mtu aliyekitoa. Bure ni kwa mtoto anayenyoosha sahani. Sisi wakubwa ndio tunaogharimia.

Gharama yenyewe ni kiasi gani? Tufanye hesabu. Kipimo kinachotumika mara nyingi kwa chakula cha mchana ni gramu 120 za mahindi na gramu 30 za maharage kwa mtoto mmoja kwa siku. Mwaka wa masomo una siku 194. Kwa mtoto mmoja hiyo ni kama kilo 24 za mahindi, yaani debe moja na nusu, na kilo 6 za maharage. Mwenye watoto watatu atatoa kilo 72 za mahindi, hata gunia moja la kilo 100 halijajaa. Tena sehemu kubwa ya mahindi hayo mtoto angeyala nyumbani kama angekuwapo.

Sasa tuje kwa jirani asiyekuwa na debe: mjane, bibi kizee anayelea wajukuu, mgonjwa wa muda mrefu, familia iliyopoteza mavuno. Katika shule nyingine mtoto wake husimamishwa kando wakati wenzake wanakula, au hurudishwa nyumbani "akalete mahindi". Ndugu wasomaji, hapa chakula kinageuka sumu ya mahudhurio. Mtoto yule hatavumilia kunusa makande asiyopewa. Wiki ya kwanza atakaa nyuma ya darasa. Wiki ya pili hatakuja. Tumeanzisha chakula ili watoto maskini waje, na chakula hicho hicho kimewafukuza maskini kuliko wote. Serikali imekwisha kukataza mtoto kurudishwa nyumbani kwa sababu ya michango, na ilirudia katazo hilo mwezi Januari 2018. Hata kama isingekataza, deni la mzazi halilipwi na tumbo la mtoto.

Jambo hili lilionekana hata Busia. Shule zilizopata uji wa bure ziliona watoto wanazidi, zikapandisha michango mingine. Mkono mmoja ukaita, mwingine ukasukuma.

Je, kuwabeba wasio na uwezo ni mzigo mkubwa? Turudi kwenye hesabu. Tuseme shule ina watoto 300, na 30 kati yao hawana kitu kabisa. Chakula cha hao 30 kwa mwaka ni kilo 720 za mahindi na kilo 180 za maharage. Kikigawanywa kwa wenzao 270, kila mmoja anaongeza chini ya kilo tatu za mahindi na chini ya kilo moja ya maharage, kwa mwaka mzima. Huo ndio uzito wote wa kutomwacha mtoto hata mmoja kando ya sufuria. Jumuiya ndogo ndogo zinaweza kuubeba bila kuumia, na shamba la shule likilimwa vizuri linaweza kuubeba peke yake. Majina ya watoto wanaosaidiwa yabaki kwa mwalimu mkuu na mwenyekiti wa kamati. Yasisomwe mbele ya paredi.

USALAMA WA JIKO LA SHULE

Sufuria moja inayolisha watoto 300 ikikosewa huumiza watoto 300. Tuangalie haya:

1. Ukungu wa nafaka. Mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu huota kuvu wanaotoa sumu iitwayo aflatoksini. Kuipika hakuiondoi. Mwaka 2004 huko Kenya, hasa katika maeneo ya Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa sumu hiyo. Mwaka 2016 iliua watu karibu 20 katikati ya Tanzania, upande wa Dodoma na Manyara. Mahindi ya mchango yakaushwe juu ya turubai, si juu ya udongo, na yahifadhiwe juu ya mbao mahali pakavu. Yaliyooza au kubadilika rangi yatupwe. Mzazi asipeleke shuleni mahindi ambayo asingeyala mwenyewe.

2. Dawa za mashamba. Mwezi Julai 2013, katika jimbo la Bihar, India, watoto 23 walikufa baada ya kula chakula cha shule kilichopikwa kwa mafuta yenye sumu ya kuulia wadudu wa mazao. Dumu lililowahi kutiwa dawa ya pamba au ya mifugo lisitiwe mafuta wala maji, hata likioshwa mara kumi. Dawa zisikae stoo moja na chakula.

3. Maharage yachemke mpaka yalainike kabisa. Maharage mekundu yasiyoiva huleta kutapika na kuharisha.

4. Mikono. Watoto wanawe kwa sabuni na maji yanayotiririka, si wote katika beseni moja. Dumu lililotobolewa na kuning'inizwa mtini linatosha.

5. Mpishi. Anayeharisha au mwenye kidonda mkononi apumzike mpaka apone. Mtu mzima aonje chakula kabla hakijagawiwa.

6. Vikombe na sahani. Kila mtoto awe na chake, au vioshwe kabla ya kupewa mwingine.

7. Moto. Jiko liwe mbali na madarasa, na watoto wadogo wasikaribie sufuria. Majeraha ya uji wa moto ni mabaya sana, maana uji hunata kwenye ngozi.

MZAZI AFANYE NINI?

Kwanza, nenda kwenye mkutano wa wazazi, baba na mama. Uliza mambo matatu: mahindi yaliyokusanywa ni mangapi, yamehifadhiwa wapi, na nani ana ufunguo. Kuuliza si kugombana. Stoo yenye daftari la kuingiza na kutoa huwapa wazazi moyo wa kuchanga mwaka unaofuata.

Pili, toa mchango wako mapema, wakati wa mavuno, debe likiwa na bei ndogo. Anayengoja mpaka Januari atanunua kwa bei ya juu au atashindwa.

Tatu, pendekeza kwamba hakuna mtoto atakayenyimwa chakula kwa ajili ya mzazi wake, na lipitishwe kwa sauti moja na kuandikwa katika kumbukumbu za mkutano.

Nne, angalia daftari la mahudhurio pamoja na mwalimu, asubuhi na saa nane mchana, kabla ya chakula kuanza na baada ya miezi mitatu. Hapo mtajionea wenyewe kama makande yanafanya kazi, na mtawajua watoto ambao bado hawaji. Mtoto asiyekuja hata chakula kikiwapo ana sababu nyingine: ugonjwa, kazi nzito nyumbani, kipigo, au kuonewa na wenzake. Huyo atembelewe.

Tano, mtoto anayeonekana amechoka kila siku, mwenye viganja vyeupe na macho meupe kwa ndani, anayekula udongo, au anayezimia paredini, apelekwe kituo cha afya apimwe damu na minyoo. Huyo chakula peke yake hakimtoshi.

Na mwisho, mpe mwanao kitu asubuhi kabla hajatoka, hata kama shule ina chakula. Kiporo cha ugali kilichohifadhiwa vizuri na kupashwa moto, kiazi kitamu, muhogo uliochemshwa au kikombe cha uji vinatosha kumfikisha mpaka saa sita. Lakini yule ambaye nyumbani kwao hakuna hata kiporo, tumwekee sahani yake shuleni. Akijua ipo, kesho atakuja.